Mbele ya Haki: Ndoto ya Kukutana Tena katika Nyimbo za Pwani ya Tanga

Katika mwambao wa Tanga, tangu Pangani upande wa kusini hadi Moa na mpaka wa Kenya upande wa kaskazini, mtu aliyefariki husemwa kuwa ametangulia mbele ya haki, na anayetamka maneno hayo huongeza, mara nyingi bila hata kuyafikiria, kuwa waliobaki nao wako nyuma yake. Kauli hiyo fupi imebeba picha ya msafara: njia ni moja, yupo aliyefika mapema, wapo wanaofuata, na kwa kuwa wote wanaelekea mahali pamoja, matumaini ya kukutana hayakosekani. Nyimbo zinazohusu pepo, mbingu na kuonana tena na wapendwa waliokwisha kufa, ziwe zinaimbwa katika hitima, katika maulidi, kanisani au pembeni mwa kaburi, zimejengwa juu ya picha hiyo ya safari, ingawa kila jamii imeitia rangi yake na kila dini imeiwekea masharti yake.

Ili kuzielewa nyimbo hizo yafaa kwanza kuyatazama maneno yenyewe, kwa kuwa Kiswahili hakina jina moja la mahali wanakokwenda wafu. Kuzimu ni neno la Kibantu, lenye shina moja na mzimu, nalo lataja makao ya wafu yaliyo chini ya ardhi. Ahera limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni maisha ya mwisho yanayofuata haya ya duniani. Huko ahera ndiko iliko pepo, makao ya waliorehemewa, na ndiko iliko jahanamu, makao ya walioadhibiwa. Wakristo hupendelea kusema mbinguni, yaani juu, aliko Mungu. Hata aliyekufa ana majina mawili: marehemu, yaani mwenye kurehemewa, ambalo kwa kweli ni dua kabla ya kuwa jina, na hayati, lililotoka katika neno la Kiarabu la uhai, kana kwamba anayelitumia anakataa kumtaja mwenzake kwa kifo chake. Wimbo wa kumlilia maiti huitwa mbolezi, na maneno ya kuagana kwa kusameheana huitwa buriani. Msikilizaji anayeyajua maneno haya ataona kuwa karibu kila moja lina ombi ndani yake.

Imani iliyo kongwe zaidi mwambaoni haimpeleki aliye hai kwa wafu, bali humleta mfu kwa walio hai. Wadigo, ambao makazi yao yanaanzia Kwale nchini Kenya na kuteremka hadi vijiji vya kaskazini ya mji wa Tanga, huwaita wafu wa ukoo koma, na tangu zamani iliaminika kuwa koma huja katika ndoto: babu humtokea mjukuu, akalalamika kuwa amesahauliwa, akataka nguo, chakula au tambiko, na kulipokucha wazee wakaketi kuifasiri ndoto hiyo na kutimiza kilichotakwa. Katika imani hiyo kukutana hakungojwi hadi mwisho wa dunia. Hutokea usiku huu huu, wala hakufurahishi sikuzote, kwa maana anayekuja huja na madai. Uislamu ulipoenea, na baadaye Ukristo ulipofika, wafu hawakutoweka katika usingizi wa watu, ila maana ya kuja kwao ilibadilika. Ndoto iliyokuwa ikitaka tambiko ikawa inataka dua, na hadi leo ziko familia ambazo, zikimwota marehemu akiwa na kiu au akiwa na nguo chakavu, humsomea hitima, hutoa sadaka au huwalisha watoto wa madrasa.

Mafundisho ya Kiislamu hutenga ndoto njema, iitwayo ruya, ambayo hutoka kwa Mwenyezi Mungu, na ndoto ya kuvuruga, ambayo hutoka kwa shetani. Hadithi moja iliyomo katika mkusanyo wa Imamu Bukhari inaligusa suala hili kwa namna ya pekee. Uthman bin Madh'un, mmoja wa masahaba wa mwanzo, alipofariki Madina, mwanamke wa Kiansari aliyekuwa akijulikana kwa jina la Ummul Alaa alishuhudia mbele ya Mtume kuwa Mungu amekwisha kumkirimu marehemu. Mtume akamuuliza amejuaje, kisha akasema kuwa anamtarajia heri marehemu huyo, lakini hata yeye, naye ni Mtume, hajui atakalotendewa. Mwanamke yule akahuzunika, akalala, akaota chemchemi inayotiririka ambayo ilikuwa ya Uthman, na alipoisimulia ndoto yake aliambiwa kuwa chemchemi ile ni amali za marehemu. Kisa hiki chaeleza kwa nini nyimbo za Waislamu wa mwambao zina unyenyekevu zilio nao: hakuna anayeruhusiwa kutangaza kwa hakika kuwa fulani yuko peponi, lakini hakuna anayezuiwa kumwota huko.

Ahadi ya kukutana imo katika Qur'ani yenyewe. Aya ya 23 ya Surat Raad inazitaja bustani za milele ambazo watu wema wataziingia pamoja na waliokuwa wema miongoni mwa wazazi wao, wake zao na vizazi vyao, na aya ya 21 ya Surat Tur inaeleza kuwa waumini ambao watoto wao waliwafuata katika imani watakutanishwa na watoto hao bila kupunguziwa chochote katika malipo yao. Katika sala ya kumzika mtoto mchanga wazazi huombewa jambo lililo karibu zaidi na lugha ya Tanga, kwani dua hiyo humwomba Mungu amfanye mtoto kuwa farat wao. Kwa Waarabu wa jangwani, farat alikuwa mtu anayeutangulia msafara hadi penye maji, akaandaa kamba na ndoo na kuvijaza vyombo, ili wenzake watakapofika na kiu wayakute maji tayari. Mzazi anayeambiwa kuwa mwanawe ametangulia anaambiwa jambo hilo hasa, kwamba mdogo kuliko wote katika nyumba amefanywa kiongozi wa njia, na mbolezi inayobeba wazo hilo haihitaji kueleza zaidi.

Hata hivyo mbolezi ya zamani, ile ya kupiga mayowe, kujipiga kifua na kuzitaja sifa za maiti kwa sauti kubwa, ilipingwa na masheikh kwa kuwa Uislamu unakataza kilio cha namna hiyo, ingawa haukatazi machozi. Mtume mwenyewe alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahimu. Katazo hilo halikuuua wimbo wa msiba, bali liliugeuza uelekeo. Badala ya kumwambia maiti kwa nini ameondoka, mwimbaji akaanza kumwambia Mungu ampokee, na sauti iliyokuwa ikielekea kaburini ikaelekezwa juu. Pengine hakuna badiliko lililoathiri ushairi wa msiba wa Waswahili kwa kina kuliko hili.

Wala si jambo la ajabu kuwa wimbo uzaliwe katika ndoto, kwa sababu mmoja wa nyimbo za Kiarabu unaopendwa zaidi katika pwani yote ya Afrika Mashariki una historia hiyo. Qasida ya Burda, ambayo waungwana wa mwambao wameisoma kwa karne nyingi penye ugonjwa na penye msiba, ilitungwa nchini Misri katika karne ya 13 na al-Busiri, ambaye, kwa mujibu wa masimulizi yaliyopokewa, alikuwa amepooza nusu ya mwili, akamwota Mtume akimfunika kwa joho lake, akaamka akiwa mzima. Burda ni joho, na jina la wimbo limetoka katika ndoto.

Katika nyumba za Tanga wimbo wa ahera husikika zaidi siku ya hitima, yaani kisomo cha kuikamilisha Qur'ani kwa ajili ya marehemu. Mikeka hutandikwa, ubani hufukizwa, na juzuu 30 hugawiwa watu mbalimbali ili msahafu mzima umalizike katika muda mfupi, kila mmoja akisoma sehemu yake kwa sauti ya chini hivi kwamba nyumba nzima huvuma kama mzinga wa nyuki. Hufuata tahalili, yaani kurudia kwa pamoja tamko la kumpwekesha Mungu, ambalo huanza polepole na kuongezeka mwendo mpaka pumzi za waliohudhuria zikawa pumzi moja. Kisha huja jambo ambalo mgeni aweza kulipuuza. Anayeongoza dua hupewa karatasi iliyoandikwa majina ya wafu wa nyumba hiyo, naye huyasoma moja baada ya jingine: aliyefariki juzi, dada yake aliyemtangulia, wazazi wao, bibi na babu, mpaka majina ya watu ambao hakuna aliyekaa pale aliyepata kuwaona. Thawabu za kisomo huombwa ziwafikie wote. Kwa dakika chache ukoo uliotawanywa na mauti huwa umekusanywa tena katika karatasi moja, na wale waliokufa miaka mingi kabla ya kufahamiana hutajwa pamoja kama watu waliokaa kwenye mkeka mmoja.

Maulidi nayo, hasa yale ya Barzanji, yaliyotungwa Madina katika karne ya 18 na Jaafar al-Barzanji, husomwa Tanga si kwa ajili ya mazazi ya Mtume peke yake bali pia katika kuwakumbuka wafu. Vijana wa madrasa hujipanga kwa safu, mikononi wameshika dufu, yaani ngoma bapa za upande mmoja, wakayumba kulia na kushoto huku wakiimba kaswida, ambazo ni nyimbo za kidini za Kiarabu na Kiswahili. Kaswida nyingi za Kiswahili zinazoizungumzia pepo haziielezi kwa kirefu. Hutaja mito, kivuli na jirani mwema, kisha hukimbilia ombi. Jirani huyo ni jambo la kuzingatiwa, kwa kuwa katika mji wa pwani, ambako nyumba hupakana ukuta kwa ukuta, kumtakia mtu pepo ni kumtakia pia jirani wa kukaa karibu naye.

Mtunzi aliyeifikisha ndoto hii mahali pa juu kabisa ni mzaliwa wa mwambao huu huu. Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, eneo la Machui, kusini mwa mji wa Tanga, akasoma Dar es Salaam, akaajiriwa mwaka 1926 kuwa karani wa forodha, kazi iliyomweka Pangani kwa muda mrefu wa ujana wake. Alifiwa na mkewe Amina, na katika kumlilia akatunga shairi ambalo limepewa jina la mwanamke huyo na ambalo wasomaji wengi wa Kiswahili wanalihesabu kuwa mbolezi bora iliyopata kuandikwa katika lugha hii. Kwa umbo ni shairi la kawaida: kila ubeti una mishororo minne, kila mshororo una mizani 16 iliyogawanywa nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho vinalingana, na kibwagizo kinarudi kila mwisho wa ubeti kusema kuwa fundo la mapenzi lililofungwa na wawili hao halina wa kulifungua.

Kinachostahili kutazamwa kwa karibu ni namna shairi hilo linavyosafiri. Linaanza kwa kumwambia Amina mwenyewe kuwa amejitenga, na kumfananisha na ua lililofumba baada ya kuchanua. Linapita katika maradhi na dawa zisizofaa. Linakiri majonzi yasiyosemeka. Kisha linapata faraja kidogo kwa kukumbuka kuwa marehemu amefika mahali ambapo taabu haimgusi. Mwishoni mtunzi anasema waziwazi kuwa anamaliza kutunga kwa kuomba dua, na dua yenyewe ina hatua zilizopangwa kama ngazi: vumbi liungane, roho irudishiwe, mauti yasogee kando, na hapo mapenzi yarejee. Hakuna dhahabu, hakuna lulu, hakuna mito ya maziwa. Pepo yote ya Shaaban Robert katika shairi hilo ni mke na mume waliopata nafasi ya kuendelea pale walipokatizwa.

Jambo jingine limo katika sarufi. Hatua za ufufuo katika dua hiyo zinaelezwa kwa kiambishi -ki-, ambacho katika Kiswahili kina kazi mbili: hutaja sharti, kama mtu anaposema mvua ikinyesha atapanda, na hutaja wakati, kama anaposema jua likizama atarudi. Jua halina budi kuzama. Mvua huenda isinyeshe. Silabi hiyo moja inabeba yakini na shaka kwa pamoja, na msomaji hawezi kuzitenganisha. Mtu anayeamini kwa moyo wote kuwa wafu watafufuliwa, lakini ambaye amefundishwa kuwa hana haki ya kujihakikishia pepo yake wala ya mkewe, hakuweza kupata chombo kinachomfaa kuliko hicho, na lugha nyingine nyingi zingemlazimisha achague. Ni kosa, kwa hiyo, kulisoma shairi la Amina kama tangazo la ushindi dhidi ya mauti, kama lilivyowahi kusomwa. Ni ombi la mtu anayesubiri jibu.

Tofauti huonekana wazi zaidi shairi hilo likiwekwa karibu na tungo kongwe za kaskazini ya pwani. Mwana Kupona wa Pate, aliyemtungia binti yake utenzi mwaka 1858 akiwa mgonjwa wa maradhi yaliyomwua, anamfundisha kuwa siku ya kufufuliwa neno la mume ndilo litakalomfungulia au kumfungia mke mlango wa pepo. Kukutana huko, basi, kumefungamana na ridhaa na utii. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, unatembea katika magofu ya Pate na kuuliza waliokuwamo wamekwenda wapi, na jibu lake ni ukimya wa kaburi. Shaaban Robert aliyarithi yote mawili, utii na ukimya, lakini katika shairi la Amina hakuuliza nani alimtii nani. Mtu aliyewaandikia wanawe tenzi za maadili, Utenzi wa Hati kwa binti na Utenzi wa Adili kwa mwana wa kiume, alipomfikia mke aliyekufa aliyaacha maadili yote, akasema mapenzi tu.

Upande wa Wakristo wa Tanga ndoto hiyo hiyo ilifika kwa njia ya mbali. Waanglikana wa misheni ya UMCA walijenga kituo chao Magila, karibu na Muheza, katika miaka ya 1870, wakaleta tenzi za Kiingereza zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, na kazi kubwa ya tafsiri ilianzwa Unguja na Askofu Edward Steere. Walutheri walikuja kutoka Ujerumani: shirika la misheni lililoanzishwa Berlin mwaka 1886 lilipeleka watu wake Tanga na milima ya Usambara, wakafungua kituo cha Mlalo mwaka 1891, na mwaka 1906 shirika hilo likahamia Bethel, karibu na mji wa Bielefeld katika jimbo la Westfalen.

Historia ya jimbo hilo inaeleza mengi kuhusu nyimbo zilizopanda milima ya Usambara. Katika mji wa Unna, ulioko Westfalen, mchungaji Philipp Nicolai alikuta tauni mwaka 1597, akazika watu zaidi ya elfu moja katika muda wa miezi michache, na nyumba yake ikiwa inatazama makaburi akaandika kitabu kuhusu furaha ya uzima wa milele, kilichotolewa mwaka 1599 pamoja na nyimbo mbili ambazo Walutheri wa dunia nzima huziimba mpaka sasa. Mmojawapo unawaamsha wanawali usiku wa manane kumlaki bwana arusi. Katika kijiji cha Dellwig, kisicho mbali na Unna, mchungaji Friedrich von Bodelschwingh alifiwa na watoto wake wote wanne katika wiki mbili za mwezi Januari 1869, akaandika kijitabu kuhusu maisha na kifo chao. Bodelschwingh ndiye aliyeiongoza Bethel kuanzia mwaka 1872, na ndiye aliyeipokea misheni ya Afrika Mashariki mikononi mwake mwaka 1890. Mtu akijua hayo, hastaajabu kuwa Wasambaa walifundishwa nyimbo za mbinguni mapema hivyo, wala kuwa nyimbo hizo ziliwaingia, kwani hazikutungwa na watu waliokuwa wakiwaza mambo ya mbali, bali na wazazi na wachungaji waliotoka kuzika.

Kutoka Marekani zilikuja nyingine, kupitia vitabu vya tenzi vya makanisa mbalimbali. Robert Lowry aliutunga wimbo wake wa kukusanyika mtoni mwaka 1864 huko Brooklyn, wakati wa maradhi ya kuambukiza, akiwaza watu wanaoagana kwenye mto wa mauti na kujiuliza kama wataonana kwenye mto wa uzima. Nyimbo za aina hii hupenda kiambishi -ta-, kiambishi cha wakati ujao: tutaonana, tutakusanyika, tutafurahi. Msingi wake ni maneno ya Mtume Paulo kwa Wathesalonike, aliowaandikia ili wasihuzunike kama watu wasio na tumaini, akiwaeleza kuwa parapanda ya Mungu italia, waliokufa katika Kristo watafufuliwa kwanza, na walio hai watanyakuliwa pamoja nao. Neno parapanda, ambalo maana yake ni baragumu, limekuwa katika makanisa ya Tanzania neno la msiba kuliko neno la ala ya muziki.

Katika mazishi ya Kikristo ya Muheza, Korogwe au Lushoto, kwaya hukesha na wafiwa. Usiku huimbwa nyimbo za kitabu, pamoja na zile za Mwimbieni Bwana, kitabu cha nyimbo cha Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, lakini kadiri usiku unavyosonga sauti ya kwanza huanza kuongeza vionjo, sauti ya pili hujibu nje ya noti zilizoandikwa, na wimbo wa Kijerumani wa karne ya 16 huanza kutembea kwa mwendo wa ngoma ya kwao. Jeneza linapoteremshwa huimbwa wimbo wa kuagana hadi kuonana tena, na udongo hutupwa kwa mdundo wa wimbo huo. Wanaokwenda mbele na sepeto hupokezana bila wimbo kukatika. Siku hizi nyimbo nyingi za kwaya hutolewa pia kwa picha za video, zenye mawingu meupe na kanzu nyeupe na ngazi ya mwanga, na inasikitisha kuwa picha hizo zimeanza kuifunga ndoto ambayo maneno yenyewe yalikuwa yameiacha wazi. Mama aliyefiwa hahitaji kuonyeshwa wingu. Anahitaji nafasi ya kumwona mwanawe.

Waimbaji wa taarabu, ambao Tanga iliwapa dunia kwa wingi katika miaka ya 1960 na 1970, hawaigusi pepo mara nyingi, kwa sababu taarabu ni muziki wa arusi na sherehe. Klabu za Black Star na Lucky Star zilileta magitaa na mapigo ya ngoma za mwambao katika muziki ambao hapo awali ulitawaliwa na fidla na udi, na baadhi ya rekodi zao zilikusanywa mwaka 1989 katika albamu iliyotolewa Uingereza kwa jina la Nyota. Sauti iliyozibeba klabu hizo ilikuwa ya Shakila Said, aliyefariki Agosti 2016, mzaliwa wa Pangani, mji ule ule alikofanyia kazi Shaaban Robert. Wimbo wake Macho Yanacheka hauzungumzii wafu, bali moyo unaolia nyuma ya uso unaotabasamu. Lakini wengi waliofiwa wameuchukua kuwa wao, kwa kuwa unasema wazi hali ya mtu aliyemaliza siku za matanga, amerudi sokoni na kazini, na anatakiwa acheke. Taarabu haimwahidi mtu huyo mkutano wowote. Inakaa naye katikati, kati ya mazishi na ufufuo, mahali ambapo dini zote mbili humwambia asubiri.

Familia nyingi za Kibondei na Kisambaa zina Waislamu na Wakristo katika nyumba moja, na msiba ukitokea nyimbo hukutana kabla ya watu. Shangazi aliyevaa baibui hukaa mkekani akaitikia pambio la kwaya kwa midomo bila sauti. Mjomba mwenye msalaba shingoni husimama nje ya hitima na kuinua mikono miwili juu wakati wa dua. Kila upande unajua kuwa mafundisho ya upande wa pili kuhusu nani ataingia wapi si sawa na yake, na kwa kawaida suala hilo haliulizwi siku hiyo. Linalosikika kwa wote wakati wa kuagana ni kauli moja, Mungu akipenda tutaonana, ambamo -ki- ya madrasa na -ta- ya kwaya zimewekwa katika sentensi moja.

Kusini mwa mji wa Tanga, umbali wa kilomita 17 hivi, yako magofu ya Tongoni, yenye msikiti wa kale na makaburi yapatayo 40, baadhi yakiwa na nguzo ndefu za mawe ambazo zamani zilipambwa kwa vyombo vya kaure. Majina ya wengi waliozikwa humo yamepotea, na hakuna tena karatasi ya hitima inayoyataja. Katika eneo hilo hilo la pwani, huko Machui, ndiko alikozikwa Shaaban Robert mwaka 1962. Shairi la Amina limekaririwa na vizazi vya wanafunzi, ambao huambiwa na walimu wao wahesabu mizani kwa vidole, nane na nane, na wavitafute vina. Nao wanapoufikia ubeti wa mwisho huitamka dua yote kama ilivyoandikwa, hata wale wasiojua kuwa Amina alikuwa mtu, wakimwombea mwanamke ambaye hawakupata kumwona vumbi lake liungane, arudishiwe roho, na akutane na mumewe.